CBD si THC iliyotolewa ulevi: kisa cha mgonjwa wa kemo aliyekuwa akitumia warfarini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kliniki ya saratani kaskazini mwa Marekani, ninapofanya kazi kama mfamasia. Mgonjwa na binti yake wameridhia kisimuliwe. Umri, tarehe na mambo ya familia yamebadilishwa ili asitambulike. Dozi na vipimo vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa kuwa ndivyo vinavyofundisha. Nitamwita Bi. M.

Nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu swali lililomfikisha Bi. M. kwenye hatari huulizwa kila tunapokutana Waswahili wa huku, iwe harusini, msikitini au kwenye makundi ya WhatsApp: "Hiyo CBD si ndiyo bangi iliyotolewa ulevi? Basi ina ubaya gani?" Anayeuliza hivyo anaamini mmea huu una dawa moja, na kwamba kazi iliyobaki ni kuchagua kati ya iliyo na ulevi na isiyo na ulevi. Ukweli ni kwamba THC, kiambato cha bangi kinacholevya, na CBD, kiambato chake kingine, ni dawa mbili. Kila moja ina ugonjwa wake, dozi yake na madhara yake, na mahali pengine madhara ya moja ni kinyume kabisa cha kile mgonjwa anachokitafuta.

Usuli

Bi. M. ana miaka sitini na kitu. Alizaliwa pwani ya Afrika Mashariki na sasa anaishi na bintiye. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao hadi leo unaharibu mioyo ya watoto wengi kwetu, na akiwa mtu mzima aliwekewa vali ya chuma mahali pa vali ya mitrali, upande wa kushoto wa moyo. Mwenye vali ya namna hiyo hutumia warfarini maisha yake yote ili damu isigande juu ya chuma. Dawa mpya zaidi za kuzuia damu kuganda hazijaweza kuchukua nafasi yake hapa. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye vali za chuma, jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba waliopewa dabigatrani walipata madonge ya damu na kuvuja damu zaidi ya waliobaki na warfarini.

Kazi ya warfarini hufuatiliwa kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa mtu asiyeitumia, INR huwa karibu 1. Lengo la Bi. M. lilikuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini ya hapo anakaribia kiharusi, ikipanda sana anakaribia kuvuja damu. Kwa miezi mingi alitumia miligramu 5 kila siku na INR yake ikatulia.

Kisha akapatikana na saratani ya titi, ya aina inayochochewa na homoni. Uvimbe ulitolewa kwa upasuaji, na daktari wa saratani akapanga kemo (dawa za kuua seli za saratani) ya dosetakseli na siklofosfamidi, mizunguko 4, kila baada ya siku 21. Doksorubisini, ambayo wagonjwa wengi wa aina yake hupewa, iliachwa kwa sababu inaweza kudhoofisha moyo. Kwa kichefuchefu alipewa ondansetroni na deksamethasoni. Aprepitanti, dawa nyingine nzuri ya kuzuia kutapika, iliachwa nayo. Dawa hiyo huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C9, ambacho ndicho kinachovunja sehemu kubwa ya nguvu ya warfarini, na INR inaweza kushuka katika wiki mbili baada ya kuitumia. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara hata sasa. Ila ulimwachia mgonjwa kichefuchefu ambacho hakikupata dawa ya kutosha ya kukikabili, na pengo hilo ndilo familia ilijaribu kuliziba.

Mfuatano wa matukio

Baada ya mzunguko wa kwanza Bi. M. alitapika kuanzia siku ya pili hadi ya nne, na kwa wiki nzima chakula hakikupita. Uzito ulishuka kutoka kilo 60 hadi 58. INR ilikuwa 2.9. Kwa mzunguko wa pili ondansetroni ilibadilishwa na palonosetroni, inayokaa mwilini muda mrefu zaidi, na deksamethasoni ikaongezwa siku. Alipewa pia vidonge vya proklorperazini vya kumeza kichefuchefu kikizidi. Alivimeza mara chache akaviacha, kwa kuwa vilimlaza mchana kutwa.

Kabla ya mzunguko huo kuanza, mwanawe wa kiume, anayeishi jimbo jingine, aliagiza chupa mbili za mafuta ya CBD kwenye mtandao. Alisoma ushuhuda wa wagonjwa wa saratani waliosema wamepata nafuu. Binti alikataa mwanzoni: mama hajawahi kugusa kileo wala bangi, na hataanza sasa. Kaka akamweleza kwamba hii ni ile isiyolevya. Hoja hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Hakuna aliyeuliza kama CBD inatibu kichefuchefu cha kemo, kwa sababu swali la ulevi liliwashughulisha hadi la tiba likasahauliwa.

Chupa ilikuwa na mililita 60, na lebo ilisema miligramu 3000 za CBD, yaani miligramu 50 kwa kila mililita. Alianza siku tatu kabla ya mzunguko wa pili kwa mililita 1 asubuhi na 1 usiku. Kichefuchefu kilipokuja vilevile, familia ikaongeza hadi mililita 2 mara tatu kwa siku: miligramu 300. Mafuta matupu yalimchefua, hivyo binti akawa anamchanganyia kwenye uji wenye tui zito la nazi. Kwa upendo wake alikuwa akiongeza dozi bila kujua, kwani CBD ikiliwa na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka mara kadhaa.

Kichefuchefu hakikupungua. Likaja la kuhara. Hamu ya chakula iliisha kabisa, na uzito ukafika kilo 56.

Siku ya 12 ya mzunguko wa pili damu ilimtoka puani kwa zaidi ya nusu saa, na binti akaona alama za damu kuvilia kwenye mikono yake yote miwili. Kliniki ilipopima, INR ilikuwa 7.4. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa za kutosha, hivyo kemo peke yake haikueleza damu ile. Kimeng'enya cha ini cha ALT kilikuwa mara 3 ya kikomo cha juu cha kawaida. Bilirubini, kipimo kingine cha ini, ilikuwa sawa. Hakuwa na homa, na hakuwa amepewa antibiotiki yoyote.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa damu. Warfarini ilisimamishwa na akapewa vitamini K ya kunywa, miligramu 1 tu. Ndugu wa mgonjwa waliuliza kwa nini asipewe nyingi ili mambo yaishe haraka. Jibu liko kwenye vali: vitamini K nyingi ingeshusha INR ghafla, damu ingeweza kuganda juu ya chuma, na warfarini ingekataa kufanya kazi kwa siku kadhaa baadaye. Puani palizibwa, damu ikakoma, na INR ikapimwa kila siku. Baada ya siku mbili ilikuwa 4.1, baada ya siku nne 3.0.

La pili lilikuwa kutafuta chanzo. Mtu asipokula vizuri hukosa vitamini K ya mboga, na INR hupanda. Kuhara pia huipandisha. Lakini mzunguko wa kwanza alikula vibaya karibu vilevile na INR haikutikisika, na wala kula vibaya hakupandishi vimeng'enya vya ini mara tatu. Fomu yetu ilikuwa na swali la bangi na jibu lake lilikuwa "hapana". Nilipompigia simu nikamsalimu, tukazungumza habari za nyumbani, kisha nikaomba asome kimoja kimoja kila kitu kinachoingia kinywani mwake, hata chai za miti. Alitaja tangawizi na mchaichai. Kwa nyuma nikamsikia binti akimkumbusha yale mafuta. Bi. M. akasema: "Mwanangu, hiyo si dawa, ni mafuta tu."

CBD huzuia CYP2C9, kimeng'enya kilekile ambacho aprepitanti hukichochea. Timu ilikuwa imeiepuka dawa ya kushusha INR, na nyumbani ikaingia ya kuipandisha. Kisa cha namna hii kilikwisha kuripotiwa na madaktari wa Marekani mwaka 2018: mgonjwa wa kifafa aliyekuwa kwenye warfarini aliongezewa CBD ya hospitali kidogo kidogo, na ikabidi warfarini yake ipunguzwe hatua kwa hatua ili INR irudi mahali pake. Kwa Bi. M., miligramu 300 kwa mwili wa kilo 58 ni kama miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Hiyo ndiyo dozi ya kuanzia ya dawa ya CBD inayotolewa kwa kifafa. Familia ilifikiri inampa kitu chepesi kama chai, kumbe ilifika kwenye dozi ya dawa kamili.

Mafuta yalisimamishwa siku hiyohiyo. Hapo palihitaji uangalifu mwingine. CBD iliyotumiwa kwa siku nyingi huondoka taratibu. Inachukua zaidi ya siku mbili kwa kiasi chake katika damu kupungua kwa nusu, na kama wiki mbili kuisha. Hivyo warfarini ilirudishwa kwa miligramu 4, ikapandishwa tena hadi 5 kadiri CBD ilivyokuwa ikitoka. Tungemrudisha kwenye 5 mara moja, INR ingeruka tena. Tungemwacha kwenye 4 na kumpima baada ya mwezi, ingeshuka chini ya 2.5 bila mtu kujua.

La tatu: mzunguko wa tatu ulisogezwa mbele wiki moja. Ini ndilo linaloivunja dosetakseli, na vimeng'enya vikiwa juu dawa hiyo inaweza kukaa mwilini zaidi ya inavyotakiwa na kushusha chembe nyeupe vibaya. Daktari wa saratani hakutaka kubahatisha.

La nne ndilo lililochukua mazungumzo marefu: kichefuchefu kitibiwe na nini? Kama familia inataka kitu cha mmea wa bangi, chenye ushahidi kwa kichefuchefu cha kemo ni THC. Dronabinoli, yaani THC iliyotengenezwa maabara na kutiwa kwenye vidonge vya jeli, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa wagonjwa wa kemo ambao dawa za kawaida zimewashinda, na nabiloni, dawa ya jamii hiyohiyo, iliidhinishwa mwaka huohuo. Kwa hiyo kile ambacho familia ilikikimbia ndicho chenye kibali, na kile walichokikimbilia hakina.

Lakini dronabinoli haikuwa ya kwanza kwenye orodha yetu. THC huongeza mapigo ya moyo na kushusha presha mtu anaposimama, na kwa mtu mzima hivyo ni njia ya kuanguka. Anayeanguka akiwa na warfarini mwilini anaweza kuvuja damu kichwani. Aidha, dronabinoli nayo huvunjwa na CYP2C9. Olanzapini ilikuwa na hoja nzuri zaidi. Ni dawa ya magonjwa ya akili ambayo kwa dozi ndogo huzuia kichefuchefu vizuri sana. Jaribio kubwa lililochapishwa 2016 kwa wagonjwa 380 lilithibitisha hilo, na jingine kutoka India, la 2023, kwa wagonjwa 124 wenye saratani zilizoendelea, lilionyesha kwamba miligramu 2.5 kila usiku inarudisha hamu ya kula na uzito. Haigongani na warfarini kwa namna ya kutisha, na ni ya bei nafuu. Tulipima moyo kwa ECG kwanza, na sukari.

Binti alitaka pia kumuuliza shehe wao kuhusu dronabinoli endapo ingehitajika. Tulimwambia afanye hivyo, nikamwandikia maelezo mafupi ya kumpelekea. Shehe aliuliza mambo mawili: je, madaktari wanayo dawa nyingine inayofaa ambayo haitokani na kileo? Na je, kipimo watakachompa kitamwondolea akili? Akasema waanze na hiyo nyingine. Ikishindikana na madaktari waaminifu wakasema hapana budi, dharura ina hukumu yake. Nililipokea jibu hilo kwa heshima kubwa. Mpangilio wake ulikuwa uleule wa kitabibu: olanzapini mbele, THC nyuma yake, kwa kiasi na kwa sababu.

Matokeo

Mzunguko wa tatu ulikwenda na olanzapini miligramu 5 usiku. Hakutapika. Usingizi ulimkaa hadi saa tano asubuhi, hivyo dozi ikashushwa hadi 2.5, na hapo akaweza kuamka na kufungua kinywa. ALT ilikuwa imerudi kawaida ndani ya wiki tatu tangu kuacha mafuta. INR ilikaa kati ya 2.6 na 3.3 hadi mwisho wa kemo. Uzito ulipanda taratibu hadi kilo 59. Dronabinoli haikuhitajika.

Baada ya kemo alianza letrozoli, dawa ya kupunguza homoni inayochochea saratani yake. Tamoksifeni, ambayo wengi huijua zaidi, iliepukwa kwa sababu huipa warfarini nguvu kupita kiasi.

Mwanawe alitaka chupa ya pili, ambayo haikufunguliwa, ipelekwe kwa shangazi yao Tanzania anayesumbuliwa na magoti. Binti akaniuliza, nami nikamwambia wazi: kwa sheria ya Tanzania ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015, mzigo wenye mazao ya bangi unaweza kumfikisha anayeupokea mahakamani, hata kama Marekani unauzwa dukani karibu na peremende. Chupa ilirudishwa kwenye kituo cha kukusanya dawa zisizotumika.

Uchambuzi: viambato viwili, kazi mbili

Kwenye ubongo, sehemu inayoamuru kutapika ina vipokezi viitwavyo CB1. THC hushika vipokezi hivyo, na kwa kuvishika hutuliza kutapika na kuamsha njaa. Kwa kuvishika sehemu nyingine za ubongo, hulevya. Dawa na ulevi vinatoka kwenye tendo moja, na ndiyo sababu haiwezekani kuitoa THC ulevi wake wote ukabaki na faida yake yote; kinachowezekana ni kutafuta dozi ndogo ambamo faida inatangulia. CBD, kwa upande wake, haivishiki vipokezi hivyo kwa nguvu. Hailevyi kama THC kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo hakuna haki ya kutegemea itafanya kazi ya THC.

Ina kazi yake nyingine, na ni kazi ya maana. Katika jaribio lililochapishwa 2017, watoto na vijana 120 wenye kifafa kikali cha Dravet waligawanywa, wengine wakapewa CBD na wengine dawa bandia. Kwa waliopewa CBD, idadi ya kati ya degedege kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, kwa wenzao ilitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mwaka uliofuata Marekani ikaidhinisha Epidiolex, CBD iliyosafishwa, kwa kifafa cha Dravet na cha Lennox-Gastaut, na 2020 ikaongeza kifafa kinachotokana na ugonjwa wa uvimbe mdogomdogo katika viungo, uitwao tuberasi sklerosisi. Mzazi wa mtoto mwenye kifafa cha namna hiyo anapouliza habari za CBD, anauliza swali sahihi.

Lakini tazama madhara yaliyoandikwa kwenye maelezo ya dawa hiyohiyo: usingizi, kuhara, vimeng'enya vya ini kupanda, na kupungua hamu ya kula. Mama aliyekuwa hawezi kula alipewa kwa wiki mbili kitu kinachopunguza hamu ya kula. Mama aliyekuwa na hofu ya kukosa maji akaharishwa. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote, kuliko hata INR, kwa sababu INR tuliiona kwenye karatasi, wakati kuhara na kukosa hamu familia iliviona kila siku ikadhani ni kemo, ikaongeza dozi.

Watu huniuliza kama CBD haisaidii hata kumtuliza mgonjwa wa saratani. Hilo lilichunguzwa Australia kwa wagonjwa 144 wenye saratani iliyoendelea. Nusu walipewa mafuta ya CBD na nusu dawa bandia, na mzigo wa dalili ulipungua sawasawa pande zote mbili. CBD haikuongeza kitu. Australia hukohuko, mchanganyiko wa THC na CBD kwa kiasi sawa, miligramu 2.5 za kila kimoja, ulijaribiwa kwa wagonjwa wa kemo ambao dawa za kawaida hazikuwatosha. Waliopita bila kutapika na bila kuhitaji dawa ya dharura walikuwa 25% wakitumia mchanganyiko, dhidi ya 14% wakitumia dawa bandia. Ni faida ya kweli, na si kubwa. Karibu theluthi walipata usingizi, kizunguzungu au kuchanganyikiwa kwa kiwango cha kati au kikali, na hata hivyo wengi wao walisema wanapendelea mchanganyiko. Nawaelewa. Anayetapika siku nne mfululizo hukubali kizunguzungu.

Kwa upande wa njaa peke yake, THC imesifiwa kupita uwezo wake. Dronabinoli ilipata kibali 1992 kwa wenye UKIMWI waliokonda, lakini ilipolinganishwa na megestroli, dawa nyingine ya kuongeza hamu ya kula, kwa wagonjwa 469 wa saratani, waliosema hamu imerudi walikuwa 49% kwa dronabinoli na 75% kwa megestroli. Megestroli nayo huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo Bi. M. hakufaa kupewa.

Kuna pia dawa ya kupulizia mdomoni, Sativex, ambayo kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD. Uingereza imeiidhinisha tangu 2010 kwa kukakamaa misuli kwa wenye ugonjwa wa sklerosisi ya sehemu nyingi. Marekani haina kibali. Ndugu wa Uingereza akikuambia "mimi hupewa mchanganyiko hospitalini", anazungumzia ugonjwa mwingine kabisa.

Uchambuzi: chupa yenyewe

Lebo ya chupa ilitaja kwamba mafuta yana viambato vyote vya mmea, na THC isiyozidi 0.3%. Familia iliisoma asilimia hiyo kama sifuri. Hesabu inasema vingine. Mililita 6 za mafuta kwa siku zina uzito wa kama gramu 5.5, na 0.3% ya gramu 5.5 ni kama miligramu 16. Kama chupa ilifika kikomo hicho, Bi. M. alikuwa akimeza THC mara 6 ya kidonge cha dronabinoli cha miligramu 2.5 ambacho familia ilikuwa ikikiogopa. Binti alikumbuka kwamba siku zile mama alilalamika kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Huenda ilikuwa ni kukosa maji, huenda ilikuwa ni hiyo. Hata kwa kipimo cha imani, basi, chupa ile haikuwa na dhamana iliyodhaniwa.

Na hayo ni tukichukulia lebo ilisema kweli. Watafiti walionunua bidhaa 84 za CBD kwenye mtandao na kuzipima waliripoti mwaka 2017 kwamba ni 31% tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua, na 18 zilikuwa na THC. Chupa ya Bi. M. ilitaja pia CBG na CBN, viambato ambavyo siku hizi vinauzwa kwa usingizi na kwa kila maumivu, na ambavyo majaribio yake kwa binadamu bado ni machache mno kumshauri mgonjwa wa moyo avitumie.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana katika utaratibu

Vitamini K kidogo badala ya nyingi ilifaa, na kupima INR mara kwa mara wakati CBD inatoka mwilini kulifaa. Kumshirikisha shehe kulifaa kuliko tulivyotarajia: tangu siku hiyo binti hakuficha tena chochote, na mara mbili alinipigia kuuliza kuhusu vitu ambavyo zamani angenunua kimyakimya, kimojawapo kikiwa manjano ya vidonge, ambayo kwa mwenye warfarini yanahitaji uangalifu.

Kilichoshindikana zaidi ni swali la fomu. "Je, unatumia bangi?" liliulizwa, mgonjwa mwaminifu akajibu kwa uaminifu, na jibu likatupotosha. Mtu aliyechagua CBD kwa sababu si bangi hawezi kuitaja anapoulizwa bangi. Kushindikana kwa pili kulianza mapema zaidi. Alipoacha vidonge vya proklorperazini, hakuna aliyempa kingine mahali pake. Siku zile tatu za kutapika ndizo zilizomfanya mwanawe aingie mtandaoni usiku. Olanzapini ingeweza kuanza mzunguko wa pili.

Sasa tunauliza tofauti. Kila mgonjwa anaombwa alete kwenye mfuko kila chupa, kopo na pakiti anayotumia, na tunataja kwa majina mafuta ya CBD, peremende za jeli, chai za miti, mbegu na dawa za kuchua. Anayetumia CBD hasemeshwi kwa ukali. Tunamuuliza anaitumia kwa ugonjwa gani, ni miligramu ngapi kwa siku, anaila na nini, na alianza lini. Anayetumia pia warfarini hupimwa INR ndani ya siku chache, kisha kila wiki. Anayetumia klobazamu, dawa ya kifafa, huangaliwa usingizi kwa sababu CBD hupandisha ndani ya damu zao lake lenye nguvu, na mwenye valproeti, dawa nyingine ya kifafa, hupimwa ini kabla hajaendelea.